Maziwa ya Mtu Asiyelala Hapa

Sehemu ya Kumi na Moja

"Hii maziwa iko ya nani?"

Swali hilo tuliliacha likining'inia ndani ya nyumba ya Mama Nyirabagenzi, pale Bihambwe, Masisi, na nasikia wengine wenu mmelala nalo wiki nzima. Mmoja ameandika gazetini kwamba bibi mwenye akili angejibu, "Ni ya paka," na mambo yangeishia hapo.

Huyo hamjui Nyirabagenzi.

"Iko ya mutoto wangu Théophile," bibi alijibu, akaunyoosha mgongo wake wa miaka sabini na nane. "Kila magaribi namuwekea. Hapa njo kwake."

Inspekta Esdras wa kodi akaandika. *Hapa njo kwake.* Maneno matatu tu, yakaingia kwenye karatasi ya serikali na kukaa humo kama wenyeji.

Théophile Rukara alikuwa amesimama mlangoni, buti zimejaa tope, kofia ya pikipiki bado mkononi. Alikuwa njiani siku mbili kutoka Kampala. Hakukasirika, maana kukasirika kunataka nguvu, na nguvu zake zilikuwa zimebaki kwenye mashimo ya barabara, upande ule wa Sake.

Kama ndiyo kwanza unaifungua hadithi hii, sogea nikupe kwa kifupi, kwa sababu mhariri hanipi nafasi ya kutosha.

Théophile ana miaka arobaini na sita. Alijenga nyumba ya jibini hapa Bihambwe, na familia kama arobaini za vilima hivi huleta maziwa yao humo kila asubuhi. Miaka mitano iliyopita alichoka. Jibini yake ikitoka hapa kwenda Goma ilipita madirisha mengi, kila dirisha lina muhuri wake, kila muhuri una kodi yake, na akiuliza ipi ni ipi anaambiwa apite kesho. Hakutaka kukwepa. Alitaka kulipa mara moja, mahali pamoja, apewe risiti, akalale.

Wakili wake wa Goma, Maître Magloire, akamwonyesha njia iliyo halali kabisa. Fungua kampuni Kampala. Hamia huko na mke na watoto. Nunua jibini ya Bihambwe kama mfanyabiashara wa nje, uza huko, lipa kodi huko. Nyumba ya jibini ikaandikwa kwa jina la dada yake, Uwitonze. Ng'ombe thelathini na wawili wakabaki wa kwake.

Ila kulikuwa na masharti mawili, ndivyo alivyosema Magloire. La kwanza, asikae Kongo zaidi ya siku mia moja na themanini kwa mwaka. La pili, asiwe na kwake huku.

Lile la kwanza Théophile alilishika kama sala ya asubuhi. Alikuwa na kaye, daftari la shule, na humo aliandika kila siku aliyovuka mpaka wa Bunagana, kuingia na kutoka. Leo ilikuwa siku ya mia moja na sabini na tisa. Kesho ndiyo ya mwisho, na mwaka ulikuwa bado una wiki sita. Noeli hii angeisali Kampala tena.

La pili aliliona dogo. Kwani mke wake Gentille hayuko Kampala? Watoto hawasomi Kampala?

Alizihesabu siku zote, rafiki zangu. Maziwa hakuyahesabu.

Kwa watu wake, mwenye ng'ombe huwekewa maziwa ya jioni katika icyansi yake mwenyewe, kile chombo cha mti chenye kifuniko cha kusukwa, kinachokaa kwenye jukwaa la maziwa ndani ya nyumba. Akiwepo anakunywa. Akisafiri anawekewa vilevile. Asubuhi yanatolewa, chombo kinaoshwa, kinafukizwa moshi, na jioni kinajazwa tena. Icyansi ya mtu haigeuzwi chini juu mpaka siku anapozikwa. Ya baba yake Théophile ilikuwa imegeuzwa miaka kumi na moja iliyopita, na hakuna aliyeigusa tangu hapo.

Basi Esdras alipoingia jioni ile na kukuta chombo kimejaa, povu halijatulia, chenye jina la mtu anayesema haishi hapa, wewe ungemwambia aandike nini?

* * *

"Papa Théophile, tutoke kidogo," inspekta alisema.

Wakatoka uani, karibu na moto wa ng'ombe. Esdras alikuwa mwembamba, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba. Pikipiki yake ilikwama mtoni na alikuwa amepanda kilima kile kwa miguu. Msidhani ninamtetea mtoza kodi, lakini ukweli ni kwamba alionekana amechoka kuliko mwenye nyumba.

"Sikukuya kukutesa. Chai nitakunywa, juu ya hii baridi. Kitu ingine usinipe."

"Sikukupa kitu."

"Najua. Njo maana niko nasema na wewe muzuri." Akakunja vidole kimoja kimoja. "Nimeona kitanda yako. Nimeona fimbo yako ku mulango. Nimeona maziwa yako. Kwa sheria, muntu iko résident, mukaaji, fasi foyer yake, nyumba yake, iko. Kama foyer yako iko hapa, kodi ya miaka tano iko hapa, ata ukilala Kampala siku mia tatu."

"Nilisharipa Kampala! Risiti zote niko nazo!"

"Hauko mwizi, Papa. Kama ungekuwa mwizi, kazi yangu ingeisha mapema."

Théophile akakaa juu ya gogo. Kodi ya miaka mitano ikirudi nyuma, kampuni ya Kampala imekwisha, na nyumba ya jibini nayo inafunga mlango. Familia arobaini watabeba vibidoni vyao hadi Sake kumtafuta mwenye kuyataka maziwa, na yakichacha njiani watayamwaga. Aliwaona wote mbele yake, mmoja mmoja, kwa majina.

"Hakuna njia?"

"Iko moja." Esdras aliangalia moto, hakumwangalia yeye. "Mama njo mukubwa wa hii nyumba. Aseme mbele yangu na mbele ya chef wa localité, mukubwa wa kijiji: mutoto wangu hana kwake hapa. Atie kidole. Nafunga dossier, faili yako, na wewe unaenda na amani."

"Lini?"

"Kesho saa tatu. Keshokutwa naanza njia ya Walikale, na Walikale muntu hajuake siku ya kurudia."

* * *

Mtandao wa simu Bihambwe hupatikana sehemu moja tu, juu ya kilima, ukiegemea nguzo ya tatu ya ua. Théophile aliegemea.

"Mais Papa, si kitu hiyo!" Maître Magloire alicheka kutoka Goma. "Signature tu! Mama anatia kidole, tunasonga."

"Maître, kwetu muntu akisemwa hana kwake, icyansi yake inageuzwa."

"Na kisha?"

"Inageuzwaka siku ya kuzika."

Théophile akadhani simu imekatika, akaisogelea nguzo.

"Maître, uko?"

"Niko. Donc... asigeuze. Atie kidole, icyansi ibakie."

"Huyu mama yangu, kitu mudomo yake imesema, mukono yake inafanya. Haujamujua."

"Sikia, Papa." Sauti ya wakili ilishuka, ikawa ya mtu, si ya karatasi. "Mi nilikuuliza siku ya kwanza kabisa, uko na kwako kule Masisi, Bihambwe? Ukaniambia hapana. Nikaandika hapana."

Ni kweli. Alimwambia hapana. Kwa sababu siku ile, katika ofisi ile ya Goma, "kwako" ilikuwa na maana ya kitanda, mke na ufunguo. Nani angekumbuka kumwambia wakili habari ya chombo cha maziwa? Mngekumbuka ninyi?

"Ao urudie," Magloire alimalizia. "Ukuwe résident wa Masisi, uripe yote, fromagerie, nyumba ya jibini, ifunge. Chagua, Papa. Ni zile mbili tu."

* * *

Uwitonze alikuwa bado katika nyumba ya jibini, mikono imezama kwenye sufuria la maji ya chumvi. Ana miaka arobaini kamili, na mgongo wa mtu wa sitini. Alikwishasikia. Bihambwe hakuna siri inayofika mezani ikiwa moto.

"Dada, nisaidie," Théophile alisema. "Tuondoe ile icyansi ku jukwaa usiku huu. Kesho Mama aseme ilikuwa ya muchungaji. Inspekta atafuta."

Uwitonze akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Enda umuambie Mama adanganye mbele ya chef. Mi nitakungoya hapa. Ukirudia muzima, nitakupa fromage ya bure."

"Sina mchezo, Uwitonze."

"Na mimi sina." Kicheko kikakatika. Akatoa jibini moja majini, akaigeuza, akairudisha. "Kaka, miaka tano naamuka saa kumi ya asubuhi. Napokea maziwa, napika, nageuza, nafunga, nakutumia. Wewe uko unahesabu siku zako mu kaye. Zangu nani anahesabu?"

Théophile alifika mara nyingi katika nyumba ile na kuuliza jibini zimefika ngapi. Hakuwahi kuuliza dada yake analala saa ngapi.

"Kwa hiyo unataka Mama atie kidole?"

"Nataka muntu mumoja mu hii nyumba aseme iko fasi gani," Uwitonze alisema, akarudi kwenye chumvi yake.

* * *

Mama Nyirabagenzi alikuwa amekaa jikoni, rozari mapajani, maharage yanachemka. Théophile aliketi kwenye kigoda kilekile alichokalia akiwa mtoto, magoti yakamfika kidevuni. Njiani alikuwa amepanga maneno. Yote yakamponyoka.

Bibi ndiye aliyeanza.

"Umebakisha siku ngapi?"

"Moja, Mama."

"Na mimi nahesabuka."

"Unahesabu nini?"

"Magaribi." Akachochea moto. "Unajua ile maziwa yako, asubuhi inaendaka wapi?"

Hakujua. Miaka mitano, na hakuwahi kuuliza.

"Kwa Céline, kule chini, mulimaji wa maharage. Watoto wake wamekomea na maziwa yako. Mukubwa ananipita urefu sasa. Wananiulizaka: Mama, huyu Théophile ni nani?"

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia ni mutoto wangu, anakuya." Bibi akatua mwiko. "Nimechoka kusema anakuya."

Wasomaji wangu, mtu huyu alikuwa amejiandaa kwa machozi. Alikuwa amejiandaa kwa laana. Alijiandaa hata kupiga magoti. Hakujiandaa kwa mama aliyechoka.

"Kesho nitatia kidole," bibi alisema.

"Mama?"

"Ile mambo ya serikali... huyu Esdras amenielezea. Nikisema hauko na kwako hapa, watu arobaini wataendelea kuleta maziwa. Nikisema uko, tunafunga. Hiyo haitaki akili mingi."

"Nilizania itakuua, Mama! Nilizania wewe njo unaitaka ile icyansi. Kila nikifika nakunywa ata nikiwa sina njaa, juu yako."

Bibi akaanza kucheka taratibu, kicheko kisicho na furaha hata kidogo.

"Na mimi naweka juu yako. Nilizania siku nikiacha, utaanguka kule kwa watu. Ata malaria ikinishika, natambaa naenda kukamua."

Wakakaa kando ya moto, mama na mwanawe, kila mmoja ameibeba miaka mitano kwa ajili ya mwenzake, na hakuna aliyekuwa ameombwa. Sijui niwacheke au niwalilie. Nimeamua kuwaonea huruma.

"Basi tutie kidole tu," Théophile alisema haraka. "Icyansi uache. Usiigeuze, Mama, nakuomba."

"Rukara." Alimwita jina la ukoo, na jina hilo bibi halitumii ovyo. "Unataka nini? Mudomo wangu useme hauko, na maziwa iseme uko? Mi nilibatizwa Misa gani ya kusema vitu viwili?"

"Mama..."

"Sisemake kitu nusu. Kula maharage ulale. Kesho uko na njia."

Alichokuwa akikitafuta tangu Kampala kilikuwa mkononi mwake. Kodi ya miaka mitano imeondoka, jibini imepona, mama amekubali bila ugomvi. Ilimpasa afurahi. Nitawaambia wazi alivyojisikia: alijisikia yatima, na mama yake amekaa mbele yake akimpakulia maharage.

* * *

Saa tatu juu ya alama, chef wa localité, Papa Hakorimana, alifika na muhuri wake ndani ya mfuko wa nailoni. Esdras alifika na karatasi. Céline alipanda kutoka bondeni na kibidoni, kwa sababu bibi alimwita. Dereva wa pikipiki, Cyusa, alikuwa amefunga mzigo wa Théophile na kuiacha injini ikiunguruma. Wakiondoka saa ile, wangefika Bunagana kabla mpaka haujafungwa.

Bibi alitoka amevaa kitenge cha Jumapili.

Akaishika icyansi ya mwanawe kwa mikono miwili. Akafungua kifuniko. Akamimina maziwa yote kwenye kibidoni cha Céline, polepole, mpaka tone la mwisho, na Céline akayapokea huku amegeuza uso pembeni.

Kisha akaenda kwenye jukwaa, akaigeuza chini juu kando ya ile ya marehemu mume wake. Zikawa mbili.

Esdras alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

"Soma," bibi alimwambia Esdras.

"Mimi, Nyirabagenzi, mukubwa wa nyumba hii, natangaza kwamba mutoto wangu Théophile Rukara hana kwake hapa, halale hapa, hangoyewi hapa."

"Iko vile."

Kidole gumba kikaingia kwenye wino, kikatua kwenye karatasi. Chef akagonga muhuri. Esdras akakunja nakala yake, akaitia mfukoni.

"Imeisha, Papa Théophile," inspekta alisema kwa upole. "Enda muzuri. Kwa kweli, dossier kama hii sikutaka kuifunga."

Akashuka kilima na kiatu chake cha kamba, wala hakugeuka nyuma.

Imeisha! Mtu wetu alikuwa huru. Sheria imetosheka, siku ya mia moja na themanini haijafika hata mchana. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kupanda pikipiki, fimbo yake ya mlangoni, ile aliyorithi kwa baba yake. Akanyoosha mkono.

Mlangoni hapakuwa na fimbo.

"Unatafuta hii?"

Uwitonze alikuwa amesimama kwenye lango la zizi. Fimbo ilikuwa mkononi mwake, na hakuishika kama mtu anayeitunza. Aliishika kama mtu anayechunga nayo.

"Lete, dada. Nimechelewa."

"Mama amenipa."

"Amekupa fimbo yangu?"

"Na ng'ombe."

Théophile akamgeukia chef. Papa Hakorimana alikohoa, akatazama muhuri wake kana kwamba umeandikwa kitu kipya.

"Iko vile, Papa Théophile. Muntu icyansi yake ikigeuzwa, ng'ombe zake hazilale siku moja bila mwenyewe. Zinapewa wa nyumba. Baba yako alipoenda, zilikuyia wewe siku ile ile. Ulisahau?"

Hakusahau. Alikumbuka vizuri mno. Alikumbuka jinsi fimbo ile ilivyokuwa ya baridi mkononi siku ya mazishi.

"Lakini mimi niko muzima!" alipiga kelele, na sauti yake ikamshangaza yeye mwenyewe. "Uwitonze, zile ni ng'ombe zangu. Zote thelathini na mbili!"

"Za muntu hana kwake?" Uwitonze aliuliza. Hakuwa na furaha usoni, mniamini. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyeamka saa kumi. "Soma karatasi, kaka. Muntu halale hapa, ng'ombe zake zilale hapa juu ya nini? Esdras akirudia kutoka Walikale akute ng'ombe zako mu lupango, mu hii ua, utamuambia nini? Si foyer hiyo?"

Na hapo alikuwa na haki. Ndilo lililouma zaidi.

"Sawa," Théophile alisema, akajitahidi kuiteremsha sauti. "Sawa. Zichunge wewe. Tutaelewana. Utaendelea kunitumia fromage, si ndiyo?"

Dada yake akachora mstari ardhini kwa ncha ya fimbo.

"Iko mama moja wa Goma anafikaka hapa ku mulango yeye mwenyewe na camionnette yake ya mizigo. Anabeba yote, anaenda. Sifungi, situmi, singoyi telefone. Kampala iko mbali, kaka. Nimechoka."

Kampuni ya Kampala, ile iliyokuwa sababu ya mambo yote haya, haikuwa na kitu kingine cha kuuza. Ilikuwa na jina, na muhuri, na cheti safi cha kodi kilichotundikwa ukutani. Jibini haikuwa nayo tena.

"Chef!" Théophile alimshika mzee mkono. "Napinga. Andika. Napinga!"

"Unaweza kupinga," Hakorimana alijibu taratibu. "Nasikilizaka mambo ya ng'ombe siku ya Alhamisi. Lakini ukuwe hapa wewe mwenyewe. Hakuna muntu anadaika ng'ombe na telefone."

Leo ilikuwa Jumanne.

Hesabuni nami, maana yeye alihesabu papo hapo, amezoea. Jumanne ni siku ya mia moja na themanini. Alhamisi ni ya mia moja na themanini na mbili. Akibaki kudai ng'ombe, siku zimepita na nyumba ameidai, kwa hiyo ile karatasi ya mama yake haina kazi tena na kodi yote inarudi kilimani. Akienda, karatasi ni nzuri, imegongwa muhuri, inamlinda vizuri kabisa, na huku hana ng'ombe, hana fimbo, hana maziwa.

"Papa," Cyusa aliita kutoka kwenye pikipiki. "Saa tatu na nusu inapita. Tukichelewa hapa, Bunagana tutakuta barrière ya mpaka imefungwa."

Théophile akaitoa kaye mfukoni. Akaifungua kwenye ukurasa wa leo. Safu ya "kutoka" ilikuwa tupu, ikimngoja. Akakaa nayo hivyo, kalamu mkononi, mtu wa miaka arobaini na sita aliyechoka kila sehemu ya mwili.

Kisha akaifunga.

"Zima," alimwambia Cyusa.

"Papa?"

"Zima tu."

Injini ikafa. Kilima chote kikawa kimya, ukasikia ng'ombe wakitafuna.

Kutoka ndani ya nyumba, nyuma ya mlango usio na fimbo, ikaja sauti ya bibi.

"Nani bado iko ku lupango? Nilizania wageni walishaenda."

Uwitonze alimtazama kaka yake. Angeweza kutaja jina. Lilikuwa mdomoni, alilijua tangu utotoni. Lakini karatasi ilikuwa imesomwa mbele yake, na yeye ni mtoto wa mama yule yule, asiyesema kitu nusu.

"Amebakia mumoja, Mama. Mugeni."

"Anataka nini?"

"Anataka fasi ya kulala."

Ndani, kigoda kikasogezwa, kikatulia. Kisha sauti ya Nyirabagenzi ikarudi, ya taratibu, imechoka, bila hasira yoyote:

"Umuulize kwao ni wapi. Siye hatulazake muntu kama hatuyue kwao."

Théophile akafungua mdomo.